Mratibu wa Utafiti na Neno Lisilopatikana Kamusini

Shule moja ya upili iliyo karibu na kwetu Loresho ilinialika mwaka jana nizungumze na wanafunzi wa kidato cha nne juu ya masomo na ajira. Shughuli za namna hii huenda kwa mtindo mmoja. Mhandisi hutangulia, akafuatwa na wakili, kisha daktari. Mwalimu wa lugha huachiwa nafasi ya mwisho, wakati njaa ya mchana imekwisha kuwashika watoto. Nilipomaliza maneno yangu, msichana mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, mama yangu ni mratibu wa utafiti wa kimatibabu. Hiyo ni kazi gani hasa? Kila nikimuuliza hunijibu kwamba ni kujaza fomu." Darasa liliangua kicheko. Mwalimu aliyesimamia mkutano aliniinamia akaninong'oneza kuwa yamkini ni ukarani wa hospitali. Daktari alikuwa amekwisha kuondoka. Nami, ambaye nilikuwa na sababu njema ya kuijua kazi hiyo, nilijibu kwa sentensi mbili zisizo na kichwa wala miguu, kengele ikalia.

Swali la mtoto yule limenikaa rohoni tangu siku ile, na makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Mtu wa lugha huanza na neno. Kuratibu ni kupanga mambo yafuatane kwa utaratibu, na nomino hiyo ya pili imetoka katika shina lilo hilo. Mratibu wa utafiti wa kimatibabu ndiye anayepanga yote yatendekayo baina ya daktari mwenye wazo la dawa au chanjo mpya na mwananchi atakayeinyoosha sindano ile mkononi mwake. Daktari huyo huitwa mtafiti mkuu, na jina lake ndilo tulisomalo gazetini matokeo yanapotangazwa. Mratibu hatajwi. Hata hivyo yeye ndiye anayeijua itifaki ya utafiti ukurasa kwa ukurasa: ni nani anayefaa kushiriki na nani hafai, atarudi kliniki siku ya ngapi, atatolewa damu kiasi gani, na akiugua usiku wa manane atampigia nani simu. Ndiye anayeangalia kipimajoto cha jokofu, kwa kuwa chanjo nyingi zinapaswa kukaa baina ya nyuzi 2 na 8, na umeme wa Nairobi hauna adabu. Mshiriki akilazwa hospitalini au akifariki, ni yeye anayehakikisha kuwa habari hiyo imewafikia wafadhili mnamo saa 24. Akikosea kuandika tarehe, hana ruhusa ya kufuta. Hupiga mstari mmoja juu ya kosa ili lililoandikwa mwanzo liendelee kusomeka, akaandika sahihi kando yake, akatia herufi za jina lake na siku. Laiti wanafunzi wangu wa uzamili wangeziheshimu data zao hivyo!

Kwa hiyo mama wa yule msichana hakusema uongo. Ni kujaza fomu. Ila fomu moja miongoni mwa hizo ina uzito usiofanana na nyingine zote, nayo ndiyo iliyonikutanisha mimi na kazi hii.

Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu, muuguzi kwa taaluma, alinibishia hodi jioni akiwa na bahasha. Kila asubuhi hushuka kutoka kwetu mlimani, akavuka barabara ya Waiyaki Way, akaingia kazini katika kliniki moja ya utafiti. Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu ya ridhaa, kurasa 11 za Kiingereza kizito cha mawakili. "Mwalimu," aliniambia, "nisaidie iwe Kiswahili. Wiki ijayo naisoma mbele ya kina mama." Nilifurahi kama mtoto. Hatimaye elimu yangu yote ya istilahi ingemfaa mtu aliye hai! Nilikesha siku mbili na kamusi zangu, nikampelekea tafsiri ambayo hadi leo naamini haina kosa hata moja la kisarufi.

Baada ya siku nne alirudi nayo imejaa wino mwekundu.

Taabu ya kwanza ilikuwa neno moja. Katika majaribio ya namna hii, kundi moja hupewa chanjo na kundi jingine hupewa kitu kisicho na dawa ndani yake, kifananacho na chanjo kwa sura, ili wataalamu waweze kulinganisha. Kamusini nilikuwa nimekuta istilahi "kipozauongo", nikaipenda kwa jinsi ilivyoundwa: kitu kipozacho kwa uongo. Sista aliisoma mbele ya kikundi chake, na mama mmoja akamkatiza: "Sista, yaani mimi mtanidunga uongo?" Wawili waliondoka hapo hapo. Taabu ya pili ni kwamba mimi nilieleza kuwa washiriki watagawanywa "kwa bahati nasibu", nalo ni neno sahihi kabisa. Kijana mmoja aliyekuja siku ya pili aliuliza akishinda atapewa nini. Na pale nilipoandika "jaribio", bibi mmoja mcha Mungu alisikia "majaribu", akataka kujua kwa nini hospitali inaomba watu waingie humo ilhali yeye kila siku husali aepushwe nayo.

Msomaji anaweza kucheka, nami nilicheka, lakini si kwa muda mrefu. Ikiwa mtu ametia sahihi karatasi ambayo neno lake la msingi amelielewa kinyume, je, ameridhia nini? Kiswahili kinatenganisha maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Idhini hutoka kwa mwenye mamlaka: chifu, mwalimu mkuu, au bwana nyumbani kwa mujibu wa mila za wengi. Ridhaa hutoka moyoni mwa mtu mwenyewe. Ni ndugu wa neno radhi, ambalo mzazi humpa mwanawe na hakuna mtu anayeweza kulitoa kwa niaba yake. Kamati za maadili zinadai ridhaa. Kwa bahati mbaya, mara nyingi kinachopatikana ni idhini, tena ya mtu mwingine.

Tusidhani haya ni mambo ya Kangemi peke yake. Pwani, kituo cha utafiti cha Kilifi, kinachoendeshwa na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini KEMRI pamoja na shirika la Wellcome Trust la Uingereza, kimekuwapo tangu mwaka wa 1989. Wataalamu wake walijichunguza wenyewe, na mwaka wa 2004 wakachapisha kuwa wazazi wengi ambao watoto wao waliingizwa katika tafiti hawakujua kuwa huo ulikuwa utafiti. Walidhani ni matibabu ya kawaida. Wengine waliogopa damu inakopelekwa, na hofu hiyo ina historia ndefu. Babu zetu wa Pwani waliihofia mumiani, na wa bara wakawahofia wazimamoto, watu waliosemekana kunyonya damu ya wenzao kwa ajili ya dawa za Wazungu. Mtafiti anayezipuuza hadithi hizo na kuziita ujinga hajui anazungumza na nani. Aliyekwisha kuzisikia kwa nyanyake huanza kwa kuonyesha chupa, akasema: damu ni kiasi hiki, vijiko viwili, na inapelekwa mahali fulani, kwa kazi fulani.

Hatari yenyewe si ya kufikirika. Mwaka wa 1996 mji wa Kano, kaskazini mwa Nigeria, ulikumbwa na homa ya uti wa mgongo. Kampuni ya Pfizer ya Marekani ilikwenda huko kuijaribu dawa yake mpya, Trovan, kwa watoto 200: nusu walipewa dawa hiyo, nusu wakapewa dawa iliyokuwa ikijulikana. Watoto 11 walifariki, 5 katika kundi la kwanza na 6 katika la pili. Familia zilidai kuwa hazikuambiwa huo ni utafiti. Kampuni ilisema wauguzi wenyeji walieleza kwa mdomo na wazazi wakakubali kwa mdomo. Mwaka wa 2009 mzozo na jimbo la Kano ulimalizwa kwa maafikiano ya dola milioni 75, pasipo kampuni kukiri kosa. Sina uwezo wa kuhukumu dawa ile. Ninachokiona mimi, kwa jicho langu la kiisimu, ni kuwa kesi ya miaka mingi iligeuka juu ya maneno yaliyosemwa au yasiyosemwa na muuguzi kwa mzazi kando ya kitanda. Cha ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 1996 ndipo mataifa tajiri yalipotoa mwongozo wa pamoja wa taratibu njema za utafiti wa kimatibabu, ule ambao leo kila mratibu hana budi kuusomea na kupata cheti chake kabla hajagusa fomu.

Nairobi nayo ina historia yake, na ni aibu kwamba wanafunzi wetu hawafundishwi. Katikati ya miaka ya 80, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Kanada walianza kuwafuatilia wanawake waliofanya biashara ya ngono Majengo, Pumwani. Baadhi ya wanawake hao walikabiliwa na virusi vya Ukimwi miaka nenda miaka rudi pasipo kuambukizwa, na jambo hilo liliushangaza ulimwengu wa sayansi. Lakini ni nani aliyewafanya wanawake wale, waliozoea kukimbizwa na polisi na kudharauliwa na kila mtu, waketi chini na wanasayansi? Aliyeongoza kazi hiyo ni muuguzi, Elizabeth Ngugi, ambaye aliwaendea, akafanya nao mikutano na kuwasikiliza. Baadaye alikuwa profesa katika chuo hicho, na alifariki mwaka wa 2015. Msichana wa kidato cha nne anayetaka kujua kazi hii yaweza kumfikisha wapi mtu aanzie hapo.

Tazama tena utafiti wa kunyonyesha uliofanyiwa hapa mjini, ulioanza mwaka wa 1992. Ulitaka kujua ni watoto wangapi wanaoambukizwa Ukimwi kwa maziwa ya mama. Kina mama 425 wenye virusi waligawanywa kwa kura: hawa wanyonyeshe, wale watumie maziwa ya kopo. Hebu ngoja hapo kidogo. Mtu fulani alipaswa kumketisha mama mjamzito, ambaye labda alikuwa ameijua hali yake majuzi tu, amweleze kuwa kura ndiyo itakayoamua kama atamweka mwanawe kifuani. Kisha amsaidie kufikiri atakavyomjibu mama mkwe atakapoulizwa mbona mtoto hanyonyi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka wa 2000 na Ruth Nduati na wenzake, yalionyesha kwamba kufikia miezi 24, karibu watoto 37 kati ya 100 walikuwa wameambukizwa katika kundi la kunyonyesha, na karibu 21 katika kundi la kopo. Lakini takwimu inayonigusa mimi ni nyingine: katika kundi la kopo, ni kina mama 70 tu kati ya 100 walioweza kufuata walichopangiwa. Hao 30 waliobaki hawakuishinda sayansi kwa ukaidi. Nyumbani kulikuwa na macho.

Mwaka wa 2001 yakaanza majaribio ya kwanza ya chanjo ya Ukimwi nchini, chini ya mpango wa Chuo Kikuu cha Nairobi ujulikanao kama KAVI, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oxford. Marehemu Profesa Job Bwayo alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Chanjo ile haikufaulu, kama ilivyobainika baada ya miaka michache, lakini kliniki na watu waliofunzwa wakabaki, na mpango huo ukawa na tawi katika kituo cha afya cha Kangemi, chini yetu hapa. Kuna jambo moja dogo ambalo wakati wote waratibu wa chanjo za aina hiyo hulazimika kulieleza. Chanjo nyingine huufanya mwili utoe dalili ambazo kipimo cha kawaida huzisoma kana kwamba mtu ana virusi, hali hana. Kijana anayetaka kwenda kufanya kazi Ghuba, ambako hupimwa kabla ya kupewa kibali, lazima alijue hilo kabla ya kutia sahihi, si baada yake. Nani atamwambia, na kwa Kiswahili kipi?

Sasa njia yenyewe. Sista hakuzaliwa mratibu, wala hakuna chuo alichoingia kusomea jina hilo. Alisomea diploma ya uuguzi katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, miaka mitatu na zaidi kidogo, akafanya kazi wodini. Aliona tangazo la muuguzi wa utafiti, akaomba akidhani ni nafasi ya kupumzika na zamu za usiku. Alipewa mafunzo ya taratibu njema, akaanza kwa kupima shinikizo la damu na kutoa sampuli. Baada ya miaka minne alikabidhiwa majalada, kisha jokofu, kisha watu. Jioni akasomea shahada, na baadaye uzamili wa afya ya umma. Wenzake wametokea kwingine: maafisa wa kliniki, wataalamu wa maabara, washauri nasaha, na mmoja alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji aliyekwenda nyumba hadi nyumba Kibagare kabla hajarudi shule. Kutoka hapo wengine huwa wakaguzi wanaotumwa na wafadhili kukagua vituo, wengine wasimamizi wa data, wengine huingia katika kamati za maadili au katika ofisi za serikali zinazotoa vibali: Bodi ya Famasia na Sumu, au NACOSTI, ambayo huwapa watafiti leseni kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 2013. Wachache husomea uzamifu wakawa watafiti wakuu. Wachache mno, kwa maoni yangu, kwani daktari bado anahesabiwa kuwa ndiye mwenye utafiti na muuguzi ndiye mwenye kuufanya.

Singependa kuipamba kazi hii ikaonekana bustani. Mikataba yake huishi umri wa ufadhili: miaka miwili, mitatu, mitano, kisha barua. Hapana pensheni ya maana, na benki humtazama mwenye mkataba wa namna hiyo kwa jicho la pembeni. Mnamo Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, majaribio kadhaa ya kimatibabu barani Afrika yalikatika yangali njiani. Fikiria mshiriki aliyekwisha kupokea dawa ya majaribio, naye akaambiwa kliniki imefungwa. Simu alikuwa akimpigia nani? Kuna waratibu walioendelea kuzipokea simu hizo hali mshahara umekoma. Itifaki haikuwataka wafanye hivyo. Nadhani nchi ambayo imewatoa watu wake kwa ajili ya elimu ya dunia nzima kwa zaidi ya miaka 40 ingeweza kuwaajiri waratibu wachache wa kudumu kwa fedha zake yenyewe, na sioni hoja ya maana ya kulipinga jambo hili isipokuwa mazoea.

Nina neno pia kwa walimu wenzangu, na natumaini halitachukuliwa kwa ubaya. Katika shule nyingi mwanafunzi anayefaulu biolojia na kemia huambiwa asipoteze muda kwa Kiswahili, apate alama ya kumvusha tu. Anayependa lugha naye hufanywa aamini kwamba maabara si mahali pake. Hawa wawili hukua wakikutana kwenye foleni ya matatu tu. Matokeo yake ni mtu kama mimi, ninayeweza kueleza ngeli zote za Kibantu na ambaye aliandika fomu iliyofukuza kina mama wawili. Na daktari anayejua muundo wa virusi lakini hawezi kuutamka kwa lugha ambayo mgonjwa wake huota nayo. Mratibu hulipia pengo letu sote. Nyumba moja Kangemi husikia Kiluhya, ya pili Kikuyu, na vijana wa uani hawataki kusikia chochote kisicho Sheng. Sista huieleza fomu ileile kwa njia tatu asubuhi moja, akijua kwamba mkaguzi atakuja kuuliza kama hakuongeza wala kupunguza.

Fomu yangu tuliiandika upya, yeye na mimi, mezani kwake, kwa jioni tatu. Bahati nasibu iliondoka. Badala yake pana sentensi inayosema kuwa kompyuta itachagua, kama vile mtu anavyorusha shilingi, na kwamba si daktari wala muuguzi atakayejua uliangukia upande gani. Jaribio limebaki, ila limetanguliwa na maelezo. Kuhusu kipozauongo, nilikitetea mpaka jioni ya pili. Sista alinisikiliza kwa subira, akamimina chai, akasema: "Mwalimu, kwenye chupa mna nini hasa?" Nikamwambia ni maji yenye chumvi kidogo. "Basi tuandike hivyo." Na ndivyo tulivyoandika: maji ya chumvi yasiyo na dawa, maneno sita mahali pa moja.

Mmoja wa wale kina mama wawili alirudi. Alisomewa ukurasa kwa ukurasa, akauliza maswali saa nzima, akaichukua fomu nyumbani siku tatu. Kisha akaja kusema hapana, asante, hatashiriki. Sista aliandika jibu hilo katika daftari lake, akatia sahihi na tarehe, na jioni alinieleza habari hiyo kwa furaha ambayo sikuielewa mara moja.